Nakala Kumi na Tisa za Kiazi

Jumatatu, 3 Machi

Nisamehe, shajara. Wiki saba bila neno, hata nukta. Sababu ninayo, nayo ni herufi M. Asiyewahi kuhariri kamusi hajui herufi M ni mzigo gani. Watu wote wamo humo: mpishi, mlinzi, mkwe, mzushi. Miti imo. Mito imo. Maradhi nayo yamo. Niliingia katikati ya Januari, nikatoka Ijumaa, hai.

Habari kubwa! Mhariri Mkuu amestaafu. Kiti ki wazi. Mkurugenzi alituita asubuhi, akasema atamchagua mrithi Jumanne ijayo, kati ya watu wawili, kwa kutazama kazi ya nani ina makosa machache. Jina la mwenye kiti hicho hupigwa chapa ukurasa wa kwanza wa kamusi, peke yake, katikati, kwa herufi nene. Nimelitaka jina langu mahali pale tangu nilipokuwa na nywele.

Wawili hao ni mimi, mhariri wa sarufi, miaka arobaini ya chaki na wino mwekundu. Na Koma, mhariri wa msamiati. Koma nilimfundisha mwenyewe, darasa la saba. Jina hilo la utani nilimpa mimi, kwa kuwa aliweka koma kila alipovuta pumzi. Leo anagombea kiti changu! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sikumlea hivi.

Mpango. Kamusi yetu imo katika kompyuta, na mhariri yeyote aweza kufungua neno la mwenzake. Nitaingia kwenye herufi K, ambayo ni ya Koma, nitie makosa mawili matatu. Madogo. Hii si hujuma, ni mtihani. Mhariri makini atayaona.

Nilimdokezea mke wangu. Akasema, baba watu, umri huu bado unaficha kalamu za wenzako. Sentensi ile haikuwa na alama ya kuuliza. Ilikuwa hukumu.

Jumanne, 4 Machi

Siku mbaya.

Saa nne asubuhi nilifungua neno "kiazi". Wingi: viazi. Nikaandika "maazi". Nikabonyeza pa kuhifadhi. Safi.

Si safi. Kioo cha kompyuta kikaandika: "Nakala ya 2. Imetengenezwa na Mhariri wa Sarufi, saa nne na dakika kumi na mbili. Nakala ya 1 ipo kama ilivyokuwa."

Kumbe! Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye mwandishi wa programu hapa ofisini. Jana alitangaza kwamba kamusi imehamia kwenye programu mpya. Nilikuwa nikipanga. Sikusikiliza.

Nikafuta "maazi". Kioo: "Nakala ya 3. Mhariri wa Sarufi ameondoa neno maazi." Nikafuta habari ya kufuta. Nakala ya 4. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nne zile zile, zimekaa mstarini kama watoto waliokwisha kunawa mikono. Nikajaribu kuirudisha ya 1 mahali pake. Ikawa ya 5, yenye maelezo marefu zaidi. Kufikia adhuhuri zilikuwa kumi na tisa, kila moja na cheo changu na dakika yake.

Koma akapita na kikombe chake. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Naona leo viazi vimekushika." Nikamwambia marahaba. Nikamwambia pia kwamba nafanya utafiti. Akasema utafiti ni jambo jema, akaondoka akitembea kwa adabu. Simwamini mtu anayetembea kwa adabu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa mpwa wangu kwa unyenyekevu wa mtu mwenye nakala kumi na tisa. Chumba chake kina dirisha moja, feni inayolalamika, na mmea uliokufa ambao yeye hajaukubali msiba wake. Nikamwomba azifute.

Akasema, "Mjomba, hazifutiki. Ndiyo maana yake." Nikamkumbusha nani alimfundisha kusoma. Akasema anakumbuka sana, ndiyo maana anazungumza nami polepole.

Kisha akanieleza. Nilisikiliza nusu saa nikiwa na hasira. Halafu nusu saa nikiwa sina.

Anasema katika programu ya zamani kila neno lilikuwa kama ubao wa darasani: ajaye anafuta, anaandika lake, na wa kwanza haijulikani alisema nini. Wawili wakiandika kwa wakati mmoja, mmoja anamvurugia mwingine. Katika programu mpya, kitu kikishatengenezwa hakiguswi tena. Ukitaka kilicho tofauti, unatengeneza kingine kutokana na kile, na kile kinabaki kilivyo. Watu kumi wakikisoma kwa pamoja, wote wanaona kitu kimoja. Na kazi hufanywa na vitendo vidogo vidogo: kila kimoja kinapokea kitu, kinatoa kitu kipya, wala hakigusi kingine njiani.

Nikataka mfano. Akasema ukimtuma mtu chumvi, alete chumvi. Asipitie kwa jirani kusengenya na kuhamisha viti vya watu. Nikasema mtu wa namna hiyo sijapata kumwona katika ukoo wetu. Akasema hata yeye, ndiyo maana ikambidi amwandike.

Halafu akaniuliza swali. "Mjomba, ukisema pigana, piga imekwenda wapi?"

Haijaenda popote!

Nilisimama. Nikatafuta chaki, hapakuwa na chaki. Nikaandika nyuma ya bahasha. Piga, pigia, pigwa, pigisha, pigana. Kila kiambishi kinapokea neno, kinatoa neno jipya, na mzizi umekaa palepale, haujakwaruzwa. Unaviunganisha, kimoja juu ya kingine, na mpangilio una maana: anza na pigana, ongeza -ish-, unapata piganisha, yaani kuwatia watu ugomvini. Anza na pigisha, ongeza -an-, unapata pigishana, na hapo ugomvi ni mwingine kabisa. Miaka arobaini nimefundisha jambo hili nikidhani ni Kiswahili tu. Kumbe mashine nazo zilikuwa zikilitafuta! Mpwa wangu akapiga makofi. Kitendo kikuu cha programu yake amekiita "nyambua". Hakuniambia mapema kwa sababu, anasema, nilikuwa katika herufi M na mtu hakunikaribia.

Akasema mawazo haya si mapya. Kwa miaka mingi yalikaa katika lugha za kompyuta za maprofesa, lugha ambazo watu wa kazi waliziheshimu kwa mbali. Siku hizi lugha za kila siku, Java, Python, JavaScript, zimeyakopa moja baada ya jingine, kila lugha ikiyavika vazi lake. Nikamwambia hilo ninalijua. Neno kitabu lilitufikia likiwa geni. Tukaona linaanza na ki-, tukalipa wingi, vitabu. Halikuulizwa. Leo nani atalirudisha kwao? Lugha yenye afya hukopa bila haya.

Nimerudi nyumbani na furaha ambayo sijaipata tangu herufi L. Nimemweleza mke wangu uzuri wa kitu kisichobadilika. Akasema amekaa nami miaka thelathini na tisa bila kubadilika na hajapata kusifiwa hivyo.

Viazi bado ni kumi na tisa.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili. Barua kwa Mkurugenzi: kwamba Jumanne nilikuwa nikipima uimara wa programu mpya, kwa hiari yangu, kwa faida ya taasisi. Ukurasa mmoja. Kauli fasaha. Uongo haukuwamo, isipokuwa katika kiima na kiarifu.

Barua ilifaulu mno. Mkurugenzi aliifurahia hata akaagiza utafiti wangu uonyeshwe kwa wafanyakazi wote, ukutani, katika chumba cha mikutano. Nakala moja baada ya nyingine. Zote kumi na tisa. Kufikia ya saba watu walikuwa wakihesabu kwa sauti. Mpiga chapa akauliza kama maazi humenywa au huliwa na maganda. Mhudumu wa mapokezi alitoka nje ili akacheke vizuri.

Koma hakucheka. Hilo liliniudhi zaidi.

Kisha Mkurugenzi, kwa udadisi wake, akafungua herufi M. Yangu! Akafungua "mtume". Nakala ya 1, ya kwangu: wingi, watume.

Watume! Kanuni inasema mtu huanza na m-, wingi wake wa-, na mtume ni mtu. Lakini lugha ina watoto wakaidi, na huyu ni mmojawapo: mtume, mitume. Nimewachapa watoto wa watu kwa kosa hili.

Nakala ya 2 ilikuwa ya Koma, ya Jumatatu alasiri: mitume. Chini yake maelezo: "Kosa la haraka tu. Mwalimu analijua hili, ndiye aliyenifundisha." Bila koma ya ziada hata moja. Kulikuwa na maneno mengine matatu ya namna hiyo, yote amenisahihishia, hakumwambia mtu.

Koma alitazama viatu vyake. Mimi nilikunywa maji.

Saa kumi jioni nimelitafakari tena. Wema wa namna hii hauji bure. Kanisahihisha ili ionekane kwamba nilikosea! Ni hujuma kubwa kuliko yangu, na ameifanya bila kosa lolote la sarufi. Nimemdharau kijana huyu kwa muda mrefu. Ana kipaji.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba mpwa wangu anichapie programu yote kwenye karatasi. Akauliza ya nini. Nikasema kujielimisha, nayo ilikuwa kweli mpaka saa tano.

Nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi. Naandika haya kwa moyo mweupe: ni maandishi mazuri. Ameiandika kwa Python. Lugha hiyo, mstari usipoingizwa ndani ipasavyo, inakataa. Inakataa katakata! Miaka arobaini nimewaomba watoto pambizo zilizonyooka, na hapa mashine inazidai bila fimbo. Vitendo vyake navyo vina majina yanayosomeka: chuja, kusanya, nyambua. "Chuja" inapokea maneno mia, inatoa thelathini yanayotakiwa, na yale mia yapo palepale. Hakuna sentensi yenye maneno ya bure. Nimempa tisini kwa mia. Sijapata kumpa mtu tisini.

Kumi nilizokata ni za mabano.

Katika lugha hiyo, orodha iliyofungwa kwa mabano ya mviringo haibadiliki. Iliyofungwa kwa mabano ya mraba hubadilika. Alama ya uandishi yenye nguvu ya sheria! Niliguswa. Kisha, ukurasa wa kumi na nne, nikaona orodha ya wahariri ndani ya mviringo, na ndani ya mviringo ule, kwa kila mhariri, orodha ya nakala zake, ndani ya mraba.

Nikamuuliza mpwa wangu kwa sauti ya kawaida. Akajipiga paji la uso. Akasema, "Mjomba, una macho! Hilo ni kosa langu. Chungu hakibadiliki, lakini kilichomo kinaweza kukorogwa." Akasema atalirekebisha Jumatatu. Akanishukuru. Akasema hakuna mwandishi wa programu ambaye angelikamata haraka vile.

Jumatatu. Ina maana Jumamosi ipo.

Jumamosi, 8 Machi

Mlinzi alinifungulia saa tatu asubuhi. Akasema, "Mzee, hata Jumamosi? Kazi haina shukrani hiyo." Nikamwambia nimesahau miwani. Ilikuwa usoni.

Chumba cha mpwa wangu hakifungwi. Kompyuta yake nayo haifungwi, kwa kuwa anaamini watu, tabia aliyoirithi upande wa baba yake. Nilikwisha kumwona akifuta orodha. Unaandika jina la orodha, unaandika nukta, unaandika amri ya neno moja: safisha.

Nilisita. Naliandika hili ili ijulikane. Nilisita kiasi cha dakika nzima, nikautazama ule mmea.

Kisha nikaisafisha orodha ya nakala zangu.

Nilirudi kwenye meza yangu. Nikafungua "kiazi". Nakala moja tu, ya Koma, peke yake kama mzee kijijini. Furaha! Nilicheza kidogo. Hakuna aliyeona.

Nikafungua herufi M, niisome kwa raha.

Hakuna herufi M.

Mbwa yupo? Hapana, huyo ni wa M pia. Mama, hayupo. Maji, hakuna. Wiki saba! Orodha ile ya mraba ilikuwa moja tu, na kila kitu nilichopata kukiandika katika kamusi hii, hata alichonisahihishia Koma, kilikuwa kikisoma kutoka humo. Nilidhani navisafisha viazi. Nimesafisha ulimwengu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mabano ya mviringo yalibuniwa. Wenye akili waliketi, wakamfikiria mtu kama mimi, mwenye funguo, siku ya Jumamosi, wakasema: huyu tumlinde dhidi ya mikono yake. Watu wenye huruma kubwa. Nilitamani kuwashukuru. Nilikwenda nyumbani nikalala mchana kutwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mpwa wangu amerudisha kila kitu kabla ya saa tatu. Kumbe kila siku programu huweka nakala ya kamusi nzima katika kompyuta nyingine, nazo haziguswi na mtu. Herufi M imerudi, haikupungukiwa mti wala mto. Nilimfungua mbwa, nikayafungua maji, nikakaa nao kidogo.

Viazi navyo vimerudi, vyote kumi na tisa.

Lakini amri ile ilitoka kwenye kompyuta yake. Mkurugenzi akamwita. Ukuta wa ofisi ile ni mwembamba, nami nilikuwa nikipita, polepole, mara ya nne. Mkurugenzi alimwuliza vipi mtu wa kazi yake aisafishe herufi nzima. Mpwa wangu alisema hajui. Alijua. Niliisikia sauti yake, ilikuwa sauti ile ile ya utotoni, alipovunja birika la mama yake akiwa pamoja na binamu yake, akakataa kumtaja.

Nilibisha hodi, nikaingia.

Nilikuwa nimeitunga sentensi yangu mlangoni. Sentensi nzuri, kauli ya kutendwa, isiyo na mtenda. Nikasema, "Mheshimiwa, orodha ilisafishwa siku ya Jumamosi."

Mkurugenzi akavua miwani. Akasema, "Ilisafishwa na nani, Mwalimu?"

Nikasema ilisafishwa kwa bahati mbaya.

"Sikuuliza kwa nini. Nimeuliza na nani."

Huyu mama aliwahi kufundishwa sarufi na mtu. Nikatafuta kauli nyingine. Kiswahili kina nyingi. Mpwa wangu alikuwa akinitazama. Nikasema, "Nami."

Neno dogo kuliko yote niliyopata kutamka, na lina mtenda ndani yake.

Mkurugenzi akaandika kitu, akasema tunaweza kwenda. Kwenye korido mpwa wangu hakunisalimu wala hakunigombeza. Alisema tu, "Mjomba, ungeniambia, ningekusindikiza." Afadhali angenitukana.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya uamuzi, na uamuzi haukutoka! Mkurugenzi amesema anasoma nakala zote, za kila mhariri, tangu ya kwanza, kwa kuwa sasa inawezekana. Atatangaza Alhamisi. Ni mama makini. Kama si mimi anayechunguzwa, ningemsifu zaidi.

Mpwa wangu ameugeuza mraba kuwa mviringo. Dakika mbili. Ameniletea chai, akaniwekea mezani, akaondoka bila neno. Chai ilikuwa na sukari. Nadhani nimesamehewa kwa kiasi cha vijiko viwili.

Koma naye alikuja. Alisimama mlangoni kama aliyesahau kazi ya nyumbani. Akasema, "Mwalimu, kiti kikija kwangu, naomba tukae wote. Mimi bila kalamu yako nyekundu siwezi." Nikamwambia aende akafanye kazi. Alipoondoka nilipangusa miwani. Mvuke wa chai.

Nimekaa adhuhuri yote nikitafakari. Nimekuwa mjinga, shajara, lakini sasa nimeielewa falsafa hii barabara. Kosa langu halikuwa kutaka. Kosa langu lilikuwa kubadilisha. Nilifuta, nilisahihisha, nilisafisha, mambo ya kishamba ya programu za zamani. Mtu mstaarabu hagusi kilichopo. Anatengeneza kipya kutokana nacho.

Kwa hiyo nimekwenda kwenye ubao wa matangazo, ilipo orodha ya wafanyakazi na vyeo vyao. Sikuigusa. Sikufuta herufi. Nimeinakili yote, jina kwa jina, cheo kwa cheo, isipokuwa mstari mmoja, wangu, ambao katika nakala mpya unasomeka "Mhariri Mkuu". Nimeibandika kando ya ile ya zamani, ambayo ipo kama ilivyokuwa, na yeyote aweza kuisoma akitaka. Nakala ya 2. Hata mpwa wangu hawezi kuona kosa hapo.

Mkurugenzi akishaamua, Alhamisi, nitaichukua kalamu na kuandika. Kabla ya hapo sina nafasi. Mchora vibao ananisubiri dukani kwake, anauliza kibao cha mlangoni kiwe cha mbao au cha shaba.

Shaba. Mbao hubadilika.